Ukimwazima mtu gari: njia nne za bima na ipi ya kuchagua

Mwulize wakala yeyote, "Mtu mwingine akiendesha gari langu, bima inafanya kazi?" Pengine atakujibu kwamba inafanya, na hatakuwa amekudanganya. Lakini jibu hilo linaweza kumaanisha kwamba aliyegongwa atalipwa, huku gari lako likibaki gereji limebonyea na bili ikija kwako. Linaweza pia kumaanisha kwamba gari litatengenezwa, ila utatoa ekses (sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe) kubwa kuliko uliyoizoea, na mwakani bei ya bima itapanda kwa kosa la mtu mwingine.

Ndiyo maana mimi huligawa swali hilo mara tatu kabla ya kulinganisha chochote. Nani atamlipa mtu wa nje aliyeumia au aliyeharibiwa mali? Nani atalitengeneza gari langu? Na dai litaingia kwenye rekodi ya nani? Njia moja inaweza kulijibu vizuri swali la kwanza na kukuacha mikono mitupu kwenye la pili.

| Njia | Watu wa nje | Gari lako | Rekodi inayoguswa | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|---|
| Ruhusa ya jumla ndani ya mkataba wako | Hulipwa | Hulipwa kama una bima kubwa (ile inayotengeneza na gari lako), ekses huweza kuongezeka | Yako | Anayeendesha mara mojamoja |
| Kumtaja dereva kwenye mkataba wako | Hulipwa | Hulipwa kama una bima kubwa | Yako, na mara nyingine yake pia | Mnayeishi naye au anayeendesha kila wiki |
| Bima ya muda mfupi anayoinunua mwazimaji (anayepewa gari) | Hulipwa | Mara nyingi hulipwa | Yake | Wa siku au wiki chache |
| Bima ya mwazimaji ya gari lake mwenyewe | Huenda wakalipwa | Kwa kawaida halilipwi | Yake | Wa dharura tu |

Mkataba wako unaweza kupishana na jedwali hapa na pale. Ukipishana, mkataba ndio unaoshinda.

Kwanza jua una bima gani

Mwenye bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, aifute safu ya "gari lako" kwenye njia mbili za kwanza. Bima hiyo hulipa walioumizwa au kuharibiwa mali na gari. Gari lenyewe hailitengenezi hata kama ni wewe mwenyewe uliyekuwa kwenye usukani. Ipo ya katikati inayoongeza moto na wizi, na hiyo nayo haitanyoosha bati la gari lililogonga mti. Mjadala wa "nani atalitengeneza gari langu" una maana kwa mwenye bima kubwa tu, au pale mwazimaji anaponunua bima kubwa yake mwenyewe.

Anayesahauliwa kuliko wote ni dereva. Rafiki yako akikosea kwenye njia panda akavunjika mguu, bima ya mtu wa tatu haimtibu, maana yeye ndiye aliyesababisha ajali. Ili alipwe, mkataba uwe na kipengele cha ajali binafsi kwa dereva, na kipengele hicho wakati mwingine kimeandikwa kwa ajili ya mwenye gari peke yake. New Zealand walilimaliza tatizo hili kwa namna yao: tangu 1974 mfuko wa umma hugharamia majeraha ya ajali bila kuuliza nani alikosea. Usipokuwa kwenye mfumo wa aina hiyo, uliza kipengele hicho kinamhusu nani kwa jina.

Bima hufuata gari, au humfuata mtu?

Hapa ndipo watu wengi hupotoka, kwa sababu jibu hubadilika kulingana na nchi na kampuni. Marekani, kwa ujumla, bima hufuata gari. Uliyempa ruhusa akigonga, bima ya mwenye gari hutangulia kulipa, na ya dereva, kama anayo, huja nyuma kujazia pale kiwango cha ile ya kwanza kinapoishia. Uingereza mambo ni kinyume: mkataba wa kawaida hutaja watu, na asiyetajwa hana bima kwenye gari hilo hata kama ulimkabidhi funguo kwa mkono wako. Ushauri mwingi wa bima ulioko kwenye intaneti umeandikwa kwa Wamarekani, kwa hiyo ukisoma kwamba "mradi umemruhusu hakuna shida", angalia kwanza mwandishi anazungumzia mkataba wa wapi.

Mikataba mingi katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza inasimama katikati. Humkubali mwenye bima, au mtu yeyote anayeendesha kwa amri au kwa ruhusa yake, mradi ana leseni ya aina hiyo ya gari na hajafungiwa kuendesha. Sentensi hiyo moja, ambayo kwa kawaida iko kwenye cheti cha bima au kwenye jedwali la mkataba chini ya maneno kuhusu madereva walioruhusiwa, ina uzito kuliko chochote utakachoambiwa kwa simu. Kama inasema "mwenye bima peke yake", njia ya kwanza hapo juu huna.

Njia ya kwanza: ruhusa ya jumla

Uzuri wake ni kwamba hufanyi lolote la ziada. Umeshalipia, funguo zinabadilisha mikono, mtu anaondoka. Kwa jirani anayempeleka mgonjwa hospitali, au ndugu anayekupokea usukani katikati ya safari ndefu, sioni haja ya kutafuta njia nyingine.

Lakini ruhusa hii ina mipaka ambayo haionekani kwenye cheti. Wa kwanza ni umri na uzoefu. Kampuni nyingi huongeza ekses kama aliyekuwa akiendesha ni kijana, mara nyingi chini ya miaka 25, au leseni yake ni changa. Ekses ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti, na ile ya dereva mchanga hujumlishwa juu ya ile ya kawaida. Haichukui nafasi yake. Hasara ndogo inaweza kumezwa yote na ekses hizo mbili, ukajikuta huna hata sababu ya kudai.

Wa pili ni kiwango. Baadhi ya mikataba ya Kimarekani humshusha dereva aliyepewa ruhusa tu hadi kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na sheria, ingawa mwenye gari alilipia kiwango kikubwa. Umenunua ulinzi mpana, ila upana wake ni wako wewe na waliotajwa.

Wa tatu ni mnyororo wa ruhusa. Umempa gari shemeji yako. Shemeji akampa rafiki yake aende kuchukua mzigo. Je, rafiki huyo anaendesha kwa ruhusa yako? Kampuni ina kila sababu ya kusema hapana, na wewe huna cha kuonyesha. Kwa hiyo mimi huona ujumbe mfupi wa simu una thamani hapa: "Gari uwe nalo mpaka Jumapili jioni, uendeshe wewe tu." Ajali ikitokea, ujumbe huo unathibitisha kwamba ruhusa ilikuwepo, na unaonyesha ilikomea wapi.

Njia ya pili: kumtaja

Kama mtu anaishi nyumbani kwako na anajua funguo zinakaa wapi, mtaje. Hapa sina maneno mawili. Kampuni za bima huwatazama wakazi wa nyumba moja tofauti na wageni, kwa kuwa anayelala palipo na gari ataliendesha tena na tena. Fomu nyingi za maombi huuliza wazi ni nani wengine watakaoendesha. Ukiacha jina la mwanao ili kupunguza bei, kisha akagonga, kampuni haitabishana nawe kuhusu ruhusa. Itasema ulificha jambo lililokuwa na uzito katika kupanga bei, na hoja hiyo inaweza kuangusha dai zima. Ujerumani kuna utaratibu wa upole kidogo: mtu wa nje hulipwa, lakini mwenye bima aliyeficha dereva hudaiwa nyongeza ya malipo na huweza kutozwa adhabu iliyoandikwa kwenye mkataba.

Kuna ujanja ambao wazazi huufanya kwa nia njema. Gari ni la kijana, analiendesha kila siku yeye, ila bima inaandikwa kwa jina la mzazi na kijana anatajwa kama dereva wa mara mojamoja. Bei inashuka sana. Kampuni zinaujua ujanja huu miaka mingi, na baada ya ajali huuliza maswali mepesi: gari hulala wapi, nani huonekana nalo kazini, nani hulijazia mafuta. Uingereza huo huhesabiwa kuwa udanganyifu. Kumtaja ni kusema pia ukweli kuhusu nani dereva mkuu.

Kutaja kuna kinyume chake, nacho hakijulikani sana: kumtenga mtu. Mkataba unaweza kuandika kwamba fulani haendeshi gari hili kabisa, na bei ikashuka kwa sababu rekodi yake mbaya haihesabiwi. Kwa nyumba yenye mtu mwenye ajali nyingi au leseni iliyofungiwa, hilo linaweza kuwa suluhisho. Ila elewa ulichotia saini. Siku utakapougua ghafla na yeye ndiye pekee aliye karibu, ruhusa yako haitamrudisha ndani ya mkataba.

Swali la rekodi ndilo linalowauma watu baadaye. Aliyetajwa akisababisha ajali, dai hulipwa na bima yako, na punguzo lako la kutodai (la bei, kwa miaka uliyokaa bila dai) ndilo linaloliwa. Mfano mzuri ni Ufaransa, kwa sababu hesabu yao iko wazi kisheria. Kila mwenye bima ana kigezo kinachozidishwa na bei ya msingi. Mwaka usio na ajali hukizidisha kwa 0.95; ajali moja ya makosa hukizidisha kwa 1.25. Mtu aliyefika 0.80, rafiki yake akagonga kwa kosa lake, anarudi 1.00, na itamchukua miaka minne safi kufika tena 0.80. Rafiki, kwa upande wake, amerudisha funguo na kuomba radhi. Sheria hiyohiyo humwondolea mwenye gari adhabu kama aliyegonga alilichukua bila yeye kujua, isipokuwa kama anaishi naye nyumba moja. Hata watunga sheria hawaamini kwamba hujui mwanao ana funguo.

Njia ya tatu: mwazimaji anunue bima ya muda mfupi

Ikiwa inapatikana unakoishi, kwa mgeni atakayekaa na gari siku kadhaa hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Anayeendesha ananunua bima kwa jina lake, kwenye gari lako, kwa muda anaouhitaji. Uingereza hununuliwa hata kwa saa moja, na kwa kawaida huishia karibu mwezi mmoja. Dai likitokea linakwenda kwenye mkataba wake, na punguzo lako halijaguswa. Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: kampuni ndiyo inayomhoji kuhusu leseni na makosa yake ya nyuma, si wewe kumwuliza ndugu yako maswali ya aibu.

Udhaifu wake ni bei ya kila siku, ambayo kwa kijana inaweza kushtua, na masharti ya gari lenyewe: thamani yake isizidi kiasi fulani, lisiwe limeagizwa bila kusajiliwa, lisiwe limezuiliwa. Hakikisha pia kwamba anachonunua ni bima kubwa. Akinunua ndogo kwa sababu ni rahisi, watu wa nje wamelindwa na wewe umebaki na gari lako lililobonyea. Na kama atakaa nalo miezi miwili, kuungaunga mikataba mifupi hakuna maana, mtaje.

Njia ya nne: kutegemea bima ya gari lake

"Usijali, mimi nina bima kubwa, inanilinda popote." Maneno haya huyasema mtu mkweli ambaye hajasoma mkataba wake. Uingereza ipo nyongeza inayomruhusu mwenye bima kuendesha magari ya wengine, na karibu kila mara inalipa watu wa nje tu. Bima yake kubwa ni ya gari lake. Akiingia kwenye lako, inageuka kuwa ndogo. Tena nyongeza hiyo humhusu mwenye mkataba mwenyewe, wala haiwahusu aliowataja. Vijana mara nyingi hunyimwa. Na kampuni nyingi hutaka gari linaloazimwa liwe na bima yake hai.

Marekani huuzwa bima kwa ajili ya mtu asiye na gari ambaye huazima mara kwa mara. Ni nzuri kwa kujazia viwango, lakini nayo kwa kawaida hulipa madhara kwa wengine, si gari ulilomwazima, na haikuundwa kwa mtu anayeishi na mwenye gari. Kwa vyovyote vile, mwenye gari asiichukulie njia hii kama ulinzi wa gari lake. Iwe kizibo cha dharura.

Wasio ndugu wala marafiki

Fundi, mwosha magari na mhudumu wa maegesho nao huendesha gari lako. Mikataba mingi huwatoa watu wa biashara ya magari kwenye ruhusa ya jumla, kwa sababu wao wanatakiwa wawe na bima yao ya kazi. Baadhi humlinda mwenye gari wakati liko gereji kwa matengenezo lakini haimlindi fundi anayetoka nalo. Uliza kama gereji ina bima ya magari ya wateja. Wakikasirika kwa swali hilo umeshapata jibu.

Mnunuzi anayejaribu gari anaendesha kwa ruhusa yako, basi masharti ya ruhusa ndiyo yanayotawala. Ona leseni yake kabla hajakaa, na panda naye. Mwanafunzi wa udereva lazima atimize masharti ya leseni yake ya kujifunza, pamoja na msimamizi. Akiendesha peke yake, leseni haimruhusu na mkataba haumjui.

Biashara ndiyo inayoangusha madai mengi bila watu kutarajia. Ukimpa mtu gari la matumizi binafsi akaenda kubebea abiria wa kulipa, au kusafirisha vifurushi, matumizi yamebadilika, na kubadilika kwa matumizi kunaweza kuondoa ulinzi hata kama dereva mwenyewe ameruhusiwa. Anayechangia mafuta tu kwa kawaida hana shida, mradi hakuna faida inayopatikana. Na wewe ukilipwa kwa kulitoa gari, hujaazima tena, umekodisha, na hiyo ni bima nyingine kabisa.

Dereva akiwa hayumo kabisa

Uingereza ilifanya bima ya mtu wa tatu kuwa ya lazima mwaka 1930, na tangu mwanzo lengo la sheria za aina hiyo ni kumlinda aliyegongwa. Kwa hiyo katika mifumo mingi kampuni hulazimika kumlipa hata kama dereva hakuwa kwenye mkataba. Wenye magari husikia habari hiyo wakapumua. Wapumue nusu. Sheria ya Uingereza ya 1988 inaipa kampuni haki ya kumgeukia mwenye bima aliyesababisha au kuruhusu matumizi hayo, ikamdai ilichotoa. Pia kumruhusu mtu asiye na bima aendeshe gari lako ni kosa lako wewe, la alama za adhabu 6 hadi 8 kwenye leseni, hata kama hukuwemo ndani ya gari.

Aliyelichukua bila ruhusa ni suala jingine, na kampuni itataka taarifa ya polisi. Hapo ndipo familia hukwama: kumtaja mpwa polisi kama mwizi, au kukubali kwamba alikuwa na ruhusa na kubeba matokeo. Chaguo la tatu halipo kwenye fomu.

Mimi ningechaguaje

Mkazi wa nyumbani, au yeyote anayeshika usukani kila wiki, ningemtaja hata kama bei inapanda. Mgeni wa siku kadhaa, bima ya muda mfupi kwa jina lake. Isipopatikana, ningeongea na kampuni yangu imwongeze kwa muda huo, na ningetaka jibu kwa maandishi. Wa safari moja fupi, mwenye leseni ya miaka na umri uliopita ule wa ekses ya vijana, ruhusa ya jumla inatosha, pamoja na ule ujumbe wa simu. Kijana mwenye leseni changa singemwachia chini ya ruhusa ya jumla bila kwanza kujua ekses zake zote mbili zinafika kiasi gani, na nani kati yetu atazitoa. Mazungumzo hayo ni mepesi kabla funguo hazijatoka mkononi.

Na ajali ikitokea, andika kwenye fomu jina la aliyekuwa akiendesha. Watu hubadilishana viti barabarani kabla askari hajafika, mwenye gari akijitwika kosa ili bima ilipe. Kamera na mashahidi huonyesha nani alishuka mlango gani. Dai ambalo pengine lingelipwa kwa kutoa ekses ya ziada hugeuka kuwa udanganyifu, na hapo hata mwenye bima kubwa aliyemtaja kila mtu anaweza kukosa kila kitu.